Kuandika fantasia kwenye ulimwengu wa pamoja: mwongozo kwa kundi linaloanza

Msimulizi yeyote wa pwani ya kaskazini ya Kenya anayemtaja Fumo Liyongo anajua kuna mambo hana ruhusa ya kuyagusa. Liyongo hafi kwa upanga wala kwa mshale. Anakufa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na anayeichoma ni mwanawe wa kumzaa. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alipoutunga utenzi wake mwaka 1913 alilifuata hilo. Ndani ya mipaka hiyo kila msimulizi ana uhuru wake. Mmoja atakaa zaidi gerezani, pale mama anapotuma mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake na walinzi wanaudharau. Mwingine atakimbilia kisimani, ambako Liyongo aliyekwisha kufa bado amepiga goti na upinde mkononi, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji.

Ulimwengu wa pamoja katika fantasia, yaani hadithi zenye nguvu zisizo za kawaida, unakwenda vivyo hivyo. Waandishi kadhaa wanatunga juu ya mahali pamoja pa kubuni, kila mmoja anaandika hadithi zake kwa jina lake, na yaliyotokea kwenye hadithi ya mmoja yanawabana wengine wote. Mwongozo huu nimewaandikia watu wanne mpaka wanane wanaotaka kuanza, wenye simu, kundi la WhatsApp na hamu. Naamini Kiswahili kinauhitaji sana uandishi huu. Mtu akijenga ulimwengu peke yake, bila mchapishaji wa kumsubiri, mara nyingi anachoka katikati ya riwaya na kila kitu kinabaki kwenye simu yake. Watu sita wakiujenga pamoja, mmoja anaweza kupata msiba, mtihani au kazi mpya, na hadithi zikaendelea kutoka.

Kinachowaangusha wengi ni kuanza na ramani. Ramani inapendeza: milima hapa, mto pale, falme saba zenye bendera. Wiki tatu zinapita watu wakibuni wafalme na vita vya kale, kisha hadithi ya kwanza inaandikwa, ya pili inaandikwa, na kwenye ya tatu kuna mganga anayeweza kufufua wafu. Hapo hadithi mbili za mwanzo zinakufa, maana aliyelia msibani kwenye ya kwanza alilia bure. Kwa hiyo nawaomba muanze kwa kukubaliana mambo ambayo hayatawezekana katika ulimwengu wenu. Mengine yatakuja yenyewe.

Hatua ya 1: Chagueni mji mmoja

Mwaka 1979 huko Marekani, Robert Lynn Asprin aliwakusanya waandishi kadhaa, wakiwemo Poul Anderson na Lynn Abbey, akawapa mji mmoja wa kubuni unaoitwa Sanctuary: mji wa pembezoni mwa himaya, uliojaa wezi, askari na wachawi. Mfululizo huo, Thieves' World, ulifikisha vitabu 12 hadi mwaka 1989, na ndio uliowafanya wengi waamini kwamba jambo hili linawezekana.

Siri yake ni ule mji. Watu wa mji mmoja wanakutana bila mwandishi kutafuta sababu. Mwizi wa hadithi yako atapita mbele ya duka la mfinyanzi wa hadithi yangu, kwa kuwa barabara ya kwenda sokoni ni hiyo hiyo. Kwenye bara zima, kila mwandishi atajichukulia ufalme wake kule mbali, na mwisho wa mwaka mtakuwa na hadithi sita zisizojuana.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho. Tuuite mji huo Uvumba. Ni bandari. Una gati, soko, mtaa wa wenye mali, mtaa wa mabaharia unaoitwa Matangani, na baraza la wazee linaloamua kesi. Inatosha. Mji wenye sehemu tano zinazojulikana vizuri unaandikika kuliko wenye mitaa thelathini ya majina matupu.

Hatua ya 2: Wekeni kanuni moja ya nguvu, na mseme inamgharimu nani

Hapa mkae kwa muda mrefu kuliko hatua zote. Ikibidi mkutane ana kwa ana, kutaneni kwa hili.

Mfululizo wa Wild Cards, uliosimamiwa na George R. R. Martin na kuanza kutoka mwaka 1987, unasimama juu ya kanuni fupi kabisa. Virusi kutoka sayari nyingine vinaachiwa juu ya New York tarehe 15 Septemba 1946. Kati ya watu 100 wanaobadilishwa na virusi hivyo, 90 wanakufa, 9 wanaharibika maumbo, 1 anapata uwezo usio wa kawaida. Mwandishi mgeni akizijua namba hizo tatu, tayari anajua nani ana bahati, nani anafichwa ndani na familia yake, na kwa nini mji mzima una hofu. Hahitaji kusoma kurasa mia mbili za historia.

Sasa Uvumba. Kanuni yetu: upepo unakopwa. Wako wakopeshaji wanaoweza kumpa nahodha upepo wa kutosha kujaza tanga lake, hata bahari ikiwa imelala. Deni halilipwi kwa fedha. Nyumba aliyolala mkopaji usiku wa kuamkia safari ndiyo inayolipa: kwa kila siku moja ya upepo baharini, nyumba hiyo inakosa upepo mwezi mzima. Pazia halitikisiki. Moto wa jikoni unazimika, na ukikubali kuwaka, moshi hautoki. Nguo zinachacha kwenye kamba. Deni halihamishiki kwenda nyumba nyingine, na mtu mwenye deni hakopeshwi tena.

Kanuni ikishaandikwa, ipitisheni kwenye maswali haya.

Nani anafaidika? Wenye majahazi, hasa wakati wa maleleji, kaskazi ikiwa imekwisha na kusi haijashika. Biashara ya wakopeshaji ina msimu, na msimu huo ndio wenye ugomvi, haraka na rushwa.

Nani anaumia bila kukopa? Mke na watoto wa nahodha, wanaobaki ndani wakati yeye yuko baharini anakula upepo. Swali hili ndilo linalozaa hadithi nzuri zaidi.

Nani anadanganya? Baharia anayepanga chumba kwa usiku mmoja, anakopa upepo wa siku kumi, anaondoka na harudi. Basi wenye nyumba za kulala wageni pale Matangani hawapokei nahodha kipindi cha maleleji, au wanampokea kwa dhamana. Nyumba yenye deni inapangishwa kwa bei ya chini. Wakili wa Uvumba ana kesi za namna hiyo mwaka mzima.

Mila gani zimezaliwa? Kabla ya posa kukubaliwa, mshenga anafukiza udi sebuleni kwa kina bwana harusi, autazame moshi. Watoto wa nyumba zenye deni wanalala kwenye baraza za majirani, na kuna jirani wa kukaribisha na jirani wa kufunga mlango.

Mnaona kilichotokea. Hatujachora mlima hata mmoja, lakini tayari kuna hadithi nane au tisa zinazoweza kuandikwa kesho. Kanuni isiyojibu maswali haya ibadilisheni mapema, wakati haijamgharimu mtu sura nzima.

Neno moja kuhusu majini, mizimu na uganga. Haya ni mambo ambayo majirani zetu wanayaamini na wengine wanayaishi. Yanatumika, na yanatumika vizuri, ila mwandishi anayeyatumia ajue anachukua kitu cha nani. Kubuni nguvu mpya kabisa, kama deni la upepo, kunawapa uhuru wa kuweka masharti yenu bila kusema uongo juu ya imani ya mtu.

Hatua ya 3: Fungueni daftari la ulimwengu

Daftari ni faili moja ambalo kila mwandishi analiona mtandaoni na mtu mmoja tu analiandika. Mwiteni mshika daftari. Si bosi wa kundi, ni mtunza kumbukumbu, na achaguliwe mwenye subira kuliko mwenye kipaji.

Maelezo yote yagawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni Kweli: yaliyotokea ndani ya hadithi ambayo kundi limeshaipitisha. La pili ni Uvumi: wanayoamini watu wa Uvumba, yanayoweza kuwa uongo. La tatu ni Wazi: mambo ambayo kundi limekubali kwa makusudi kutoyaamua. Wakopeshaji waliupataje uwezo wao? Liwekeni kwenye Wazi. Wahusika wabishane juu yake barazani, kila mmoja na hekaya yake, na pasiwe na mwandishi wa kulifunga swali bila kura ya wote.

Kuna sharti moja la daftari ambalo nalishikilia kwa nguvu zote: kilicho kichwani mwa mwandishi hakihesabiki. Ukisema “mimi niliwaza kwamba mzee yule ni mtoto wa sultani”, na hukuliandika kwenye hadithi iliyopitishwa, mwenzako ana haki ya kumfanya mtoto wa mvuvi. Hili linapunguza ugomvi kuliko jambo lingine lolote ninalolijua.

Mbali na mafungu hayo, daftari liwe na kalenda. Uvumba hufuata pepo mbili, kaskazi inayovuma takribani kuanzia Desemba mpaka Machi, na kusi inayofuata baada ya hapo. Basi kila hadithi iandikwe juu yake imetokea msimu gani na mwaka wa ngapi. Liwe pia na orodha ya waliokufa, kwa tarehe. Na tahajia ya majina: kama ni Mwana Tatu, asiwe Mwanatatu kwenye hadithi inayofuata.

Tena kuna lugha yenyewe, ambayo makundi mengi ya Kiswahili huisahau mpaka ikawaumbua. Je, kijana wa Uvumba anamwamkia mzee kwa shikamoo, au mji una maamkizi yake? Mke anamwitaje mumewe mbele za watu? Siku za wiki ni hizi zetu? Dini zetu zipo kwa majina yake, au mmebuni nyingine? Mkiwa na wahusika wanaoitwa Hamadi na Mwana Tatu, msomaji atasikia pwani moja kwa moja, kwa hiyo amueni na muandike. Kuhusu lahaja, ushauri wangu ni usimulizi uwe Kiswahili sanifu, na Kimvita, Kiunguja au Kingwana kiingie kwenye vinywa vya wahusika kupitia mwandishi anayekisema nyumbani kwake. Lahaja ya kuigiza msomaji anaigundua kwenye sentensi ya pili.

Waandishi wa Afrika wameshapita njia hii. Ulimwengu wa Sauútiverse, ambao jina lake limetokana na neno letu sauti, ulibuniwa na kundi la waandishi kutoka nchi mbalimbali, mmoja wao akiwa Eugen Bacon, mzaliwa wa Tanzania. Walijenga msingi kwanza, sayari na jua zake na nguvu zinazotokana na sauti, ndipo mkusanyiko wa hadithi, Mothersound, ukatoka mwaka 2023 chini ya uhariri wa Wole Talabi. Wameandika kwa Kiingereza. Nafasi ya kufanya hivyo kwa Kiswahili iko wazi.

Hatua ya 4: Amueni mhusika ni wa nani

Miaka ya 1930, H. P. Lovecraft, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, na rafiki zake waliazimana miungu, vitabu vya kubuni na majina ya miji bila mkataba wowote. Kijana mmoja katika kundi hilo, Robert Bloch, alitaka kumuua kwenye hadithi yake mhusika anayefanana na Lovecraft mwenyewe. Aliandika barua kuomba ruhusa, na Lovecraft akamjibu kwa barua yenye sahihi kwamba anaruhusu. Hadithi ilitoka mwaka 1935. Lovecraft naye alilipiza: kwenye hadithi iliyotoka mwaka uliofuata alimuua mhusika aitwaye Robert Blake.

Fuateni mfano huo wa barua. Mhusika ni wa aliyemtunga. Wengine wanaruhusiwa kumtumia, kumpitisha barabarani, kumwuzia samaki, hata kumfanya aseme uongo. Hawaruhusiwi kumuua, kumlemaza, kumwoza wala kufichua siri yake mpaka mwenyewe aridhie kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, ila unakiliwe kwenye daftari, kwa sababu simu hupotea. Mwenye mhusika apewe siku saba za kujibu. Akikaa kimya, jibu ni hapana.

Ili wengine waweze kumtumia mtu wako, waandikie nusu ukurasa. Huu ni mfano wa kutosha kabisa:

*Mwana Tatu, mkopeshaji wa upepo, Matangani. Umri yapata miaka sitini. Anasema kwa sentensi fupi, na humwita kila mwanamume “mwanangu”, hata aliyemzidi umri. Hamkopeshi mlevi. Hafanyi kazi siku mwezi unapoandama. Anachotaka: nyumba ya marehemu kaka yake irudi mikononi mwake. Watu wanajua: ni tajiri. Watu hawajui: siri hii ni yangu, msiiguse bado.*

Rangi ya macho na urefu havijatajwa, na havihitajiki. Mwandishi mwenzako anachotaka kujua ni mtu huyu anasemaje, anakataa nini na anatafuta nini.

Hatua ya 5: Andika hadithi yako

Sasa umebaki peke yako na ukurasa.

Chagua jambo dogo. Usiuokoe ulimwengu, wala usimuue sultani, wala usiteketeze gati. Ukiuokoa ulimwengu kwenye hadithi ya pili, mwenzako wa tano ataandika nini? Nahodha mmoja, deni moja, posa moja iliyovunjika: hayo yanabeba hadithi ya maneno elfu tatu bila shida, na yanaiacha Uvumba imesimama kwa ajili ya wengine. Hadithi yako isomeke na mtu ambaye hajasoma nyingine yoyote. Huyu ndiye msomaji wa kumwandikia.

Tatizo kubwa la ufundi ni kueleza kanuni. Mwandishi anayeijua kanuni huwa na kiherehere cha kuifundisha, na anaanza hivi: “Katika mji wa Uvumba, ambako upepo hukopwa kwa sharti la nyumba kukosa hewa, aliishi kijana aitwaye Hamadi.” Kila kitu kimesemwa, na msomaji hana sababu ya kuendelea. Liandike jambo hilohilo likitendeka:

*Mshenga hakukaa. Alitoa kipande cha udi, akakiweka juu ya kaa la moto, akakisogeza chetezo katikati ya sebule. Moshi ulipanda wima mpaka darini, ukatanda pale, ukaanza kushuka kwa kufuata kuta. Pazia la mlangoni halikutikisika. Nje, kamba ya nguo ya jirani ilikuwa inapigapiga ukuta kwa kusi.*

*“Miezi mingapi?” aliuliza.*

*Hamadi alimtazama mama yake. Mama aliendelea kupanga vikombe.*

*“Minne imebaki.”*

*“Na aliyekopa nani?”*

Msomaji mgeni hajui kanuni, lakini anajua kuna aibu humu ndani, kwamba moshi ndio ushahidi, na kwamba aibu hiyo ina muda wa kwisha. Neno “aliyekopa” linamfungulia mlango. Maelezo mengine yanaweza kungoja ukurasa wa nne au yasije kabisa. Angalia pia kile kikamba cha jirani: kinasema upepo upo mtaani, na haupo ndani ya nyumba hii. Ukipata kitu kidogo kama hicho, acha kieleze badala yako.

Mwishoni acha jambo moja ambalo mwenzako anaweza kulichukua. Nani alikopa? Kama hadithi yako haihitaji jibu, usilitoe. Mwandikie mshika daftari: “aliyeiletea deni nyumba ya kina Hamadi: Wazi.”

Hatua ya 6: Someni, pingeni, rekebisheni

Rasimu isomwe na watu wawili. Mmoja aisome kama hadithi tu: inachosha wapi, inakosa nini. Mwingine aisome akiwa na daftari mkononi. Kazi hizi mbili msimpe mtu mmoja, kwa sababu anayetafuta makosa ya tarehe haisikii hadithi.

Chukulia kwamba kwenye hadithi ya kwanza nahodha Faki alikopa siku tisa za upepo. Nyumba yake itakaa miezi tisa bila hewa. Hadithi ya nne inatokea miezi miwili baadaye, na mke wake anakaanga maandazi jikoni, moto unawaka vizuri. Msomaji wa daftari analiona. Mfanye nini?

Njia nyepesi ni kusogeza tarehe. Njia mbaya ni kubuni kanuni mpya hapohapo, kwamba mke anaweza kununua pumzi kidogo ya kupikia. Kanuni ya dharura ikiingia, kila deni mjini halina uzito tena. Njia bora ni kuuliza swali: kama moto wake hauwaki, huyu mama anapika wapi? Labda anapika uani kwa jirani, alfajiri, na jirani anachukua maandazi manne kati ya kila kumi. Sasa hadithi ya nne ina jirani, ina dhuluma, na imekuwa nzuri kuliko ilivyokuwa kabla ya kosa kuonekana. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kosa la kanuni, usikimbilie kulifunika.

Hadithi ipitishwe kwa kura ya wengi, ila kanuni ya hatua ya 2 isibadilishwe mpaka wote wakubali.

Kwa mzunguko wa kwanza napendekeza utaratibu huu. Kila mtu aandike hadithi moja, kwa zamu, mwezi kwa mwezi. Kila hadithi baada ya ile ya kwanza iazime angalau mhusika mmoja kutoka hadithi ya mwenzake, na itaje tukio moja lililokwisha kutokea. Aliyechelewa aruke zamu, asisubiriwe. Kundi linalomsubiri mtu mmoja kwa miezi mitatu halirudi tena.

Hatua ya 7: Haki, kwenye karatasi moja

Hakimiliki inalinda maandishi yako, hailindi wazo. Mji wenye upepo wa kukopwa ni wazo, na yeyote anaweza kuandika wa kwake. Hadithi ya Hamadi na mshenga, kwa maneno yake, ni mali ya aliyeiandika. Tanzania na Kenya zote zinailinda kazi ya maandishi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na haki hiyo inaanza pale kazi inapoandikwa. Kuisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, kunakupa ushahidi siku ya ubishi.

Kuna ulimwengu wa namna nyingine, unaomilikiwa na kampuni. Ed Greenwood alianza kuibuni Forgotten Realms tangu utotoni, kisha akaiuza kwa kampuni ya TSR, na ikatolewa kwa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1987. Waandishi wengi wamepata jina kwa kuandika humo, lakini ulimwengu si wao. Ukitaka kuandika kwenye ulimwengu wa namna hiyo kwa kujifurahisha na kuwasomea rafiki, ni mazoezi mazuri. Kuuza bila idhini ya mwenyewe ni jambo jingine, na linaweza kukufikisha mahakamani.

Kwa kundi lenu, karatasi ijibu mambo machache kwa lugha ya kawaida. Kila hadithi ni ya aliyeiandika. Kila mhusika ni wa aliyemtunga. Mji, kanuni na daftari ni vya wote kwa pamoja, na hakuna anayeviuza peke yake. Mkusanyiko ukitoka, mapato yanagawanywa kwa idadi ya hadithi au sawa kwa sawa. Chagueni moja sasa, kabla hata shilingi haijaingia. Mtu akitaka kuandika riwaya yake nzima ndani ya Uvumba, anahitaji kura ngapi, na anarudisha nini kwa kundi?

Andikeni pia kitakachofanyika mtu akiondoka. Hadithi zake zilizopitishwa zinabaki kwenye fungu la Kweli, maana wengine wamejenga juu yake. Wahusika wake wanasafiri nje ya Uvumba na hawarudi mpaka yeye akubali. Akifariki, ruhusa ni ya warithi wake, kwa hiyo kila mmoja aandike jina la mtu wa kuulizwa. Karatasi isainiwe na wote, kila mwandishi abaki na nakala yake, na nyingine iwekwe kwenye faili moja na daftari.